Sare ya Batt Hurlihy

Usiku ule Kilvarra nzima ilikuwa macho ikisubiri meseji. Watu wa filamu walikuwa wameahidi kwamba baada ya taarifa ya habari kila aliyejiandikisha ataambiwa kwenye simu yake amepata nafasi gani. Ungepita barabara kuu ungeona taa zinawaka jikoni zote na watu wamezikodolea simu macho kama wanaongoja majibu ya daktari. Na walikuwa wanaongoja nini? Kuambiwa watakufa vipi. Filamu ilikuwa ya vita vya uhuru, vile babu zetu walivyopigana na Mwingereza, na katika mji huu hapakuwa na mwanaume asiyejiona akifa vizuri, amevaa koti refu la mvua, bunduki mkononi, msichana wa kumlilia pembeni. Wanaume ambao wakiumwa jino wanashinda kitandani walikuwa tayari kutoa roho kwa ajili ya Ireland, mradi chakula cha mchana kiwepo.

Mimi nilikuwa jikoni kwangu na Concepta, jirani yangu mwenye saluni ya nywele. Yeye alikuwa ameshapata kazi yake, kuwanyoa waigizaji mtindo wa zamani, kwa hiyo alikuja kwangu kula keki na kucheka wengine. Mwanangu Fintan alikaa karibu na jiko, miguu juu ya kiti, simu tumboni. Tangu baba yake afariki tumebaki wawili.

Simu ya Concepta ililia kwanza. Akasoma, akaiweka mezani.

"Mume wangu amepata," alisema. "Maiti. Maiti ya pili, ndani ya mtaro."

"Hongera."

"Hongera ya nini, shoga? Kazi hiyo nyumbani anaifanya bure kila Jumapili."

Halafu ikalia ya Fintan. Alisoma, akacheka, akanionyesha. "Mama, mimi Tan."

Nikaacha birika lichemke peke yake. Watan ndio wale askari Mwingereza aliowaleta kututia adabu, wakachoma upande mmoja wa barabara yetu. Hata leo ukitaka kumtukana mtu wa Kilvarra mpaka akose usingizi, humtaji mama yake. Unasema kwao Watan walikaribishwa chai.

"Kwa nini wewe?" nikamwuliza.

"Mrefu, mama. Na nina mashavu."

"Wapigie uwaambie hutaki."

"Ni suruali, mama. Suruali na kofia. Jioni navua."

"Batt Hurlihy atasemaje?"

Concepta akatafuna keki yake. "Batt atasema anachosemaga," alisema. "Kwa muda mrefu."

Sikulala vizuri. Watu husema mimi ni mwoga wa bure, lakini miye namfahamu Batt, na nilijua Fintan alikuwa na jambo ambalo Batt angeweza kuligusa. Binamu yake, Eoin, alikuwa anampigia kila wiki kutoka Sydney: kazi ya ujenzi ipo, kitanda kipo, jua lipo. Rafiki zake karibu wote walishaondoka. Kilichomshika hapa kilikuwa kimoja tu. Klabu yetu ya mpira wa magongo ilikuwa imeingia fainali, na makocha wa timu ya kaunti walikuwa wanakuja kutazama. "Wakinichukua, nabaki," aliniambia. "Wasiponichukua, angalau nitakuwa nimejua." Mimi nilisikia lile la kwanza tu. Kila usiku nilikuwa naliomba hilo hilo, acheze fainali.

Na mwenyekiti wa klabu alikuwa Batt.

Batt Hurlihy alizaliwa juu ya duka la baba yake la misumari na rangi, na hadi leo anaishi juu ya duka hilo hilo. Shuleni alikuwa mtoto wa kunyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alitaka kuwa mwalimu, vyuo havikumtaka, basi akaamua kutufundisha sote bila cheti. Alimwoa Philomena kutoka Bantry, na Philomena ndiye anayefungua duka, anayepima misumari, anayechonga funguo na kubeba saruji, huku mumewe ameegemea kaunta anawaeleza wateja historia ya nchi yao. Unaenda kununua balbu, unatoka umechelewa, balbu umeisahau, lakini unajua Jer Hurlihy alilala ubavu gani usiku wa kuamkia shambulizi la Knockroe.

Maana mali ya Batt siyo duka. Mali yake ni babu. Jer Hurlihy alikuwemo kwenye kikosi kilichovizia malori ya Watan pale kona ya Knockroe. Hilo halina ubishi, jina lake limechongwa pamoja na mengine kwenye msalaba wa kumbukumbu. Ila Jer mwenyewe, ambaye mama yangu alimjua, hakuwa mtu wa kusimulia. Ukimuuliza habari za Knockroe alichukua kofia yake akatoka kuwatazama ng'ombe, hata mvua ikinyesha. Ni mjukuu aliyekuja kuyasema yote ambayo mzee aliyameza, na nyongeza. Nilipokuwa msichana, Jer alikuwa amebeba masanduku ya risasi. Nilipoolewa, alikuwa amefyatua risasi ya kwanza. Nilipomzaa Fintan, alikuwa amepanga shambulizi zima, na makamanda walikuwa wanamwomba ushauri. Mungu akitupa uhai tutasikia alikuwa pale peke yake.

Kila mwaka, Jumapili ya kumbukumbu, Batt anasoma hotuba mbele ya msalaba. Hotuba ni ile ile. Analia mahali pale pale, baada ya maneno "na mama zao wakawangoja," anatoa leso, anapangusa pua, anaikunja, anaendelea. Wanawake wa kwaya wakiona leso inarudi mfukoni wanafungua vitabu vya nyimbo. Kisha anarudi kwake kutazama timu yake ya mpira wa miguu, timu ya Kiingereza, ambayo ameishabikia tangu utotoni na ambayo ikifungwa haongei na mkewe mpaka katikati ya juma. Binti yake wa pekee yuko London, benki. Ukimkumbusha hayo atakuambia mchezo ni mchezo na kazi ni kazi.

Magongo hajawahi kucheza. Anasema ni magoti. Lakini jezi za timu hununuliwa na duka lake, jina la duka liko kifuani mwa kila kijana, na ndiyo sababu wajumbe wa kamati hutoa maoni yao baada ya kusikia ya kwake, nayo huwa yanafanana.

Basi filamu ikaja. Walileta malori, wakafunika lami kwa udongo, wakaondoa vibao vya duka la simu na vya mgahawa wa Kichina, na barabara kuu ikawa kama ilivyokuwa bibi zetu wakiwa wasichana, isipokuwa safi zaidi. Mwongozaji alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Dublin, mwenye sauti ndogo na koti kubwa. Alitaka Watan wengi na hakupata. Wanaume wetu wote walikuwa wamejiandikisha kuwa waasi. Kwa hesabu yao Mwingereza angeshindwa kabla ya kiamsha kinywa. Mwishowe Watan wakawa Wapolandi na Wabrazili wa kiwanda cha nyama, pamoja na Fintan wangu. Ndio waliofanya kazi bila kulalamika. Waasi walilalamikia supu.

Batt alikwenda kuwa mshauri wa historia. Hakuna aliyemwita. Alisimama nyuma ya mwongozaji kila asubuhi, mikono nyuma, akamwambia soksi zile siyo, baiskeli ile siyo, na kwamba babu yake asingeshika bunduki namna ile. Mwongozaji alikuwa anaitikia "asante, bwana Batt" kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka kumwua.

Siku ya tatu au ya nne nilikuwa dukani kwa Philomena nangoja anichongee ufunguo. Fintan akaingia na sare yake: suruali ya kaki, koti jeusi, mkanda, kofia ya bapa. Nakiri ilimkaa vizuri. Alikuwa ametumwa.

"Bwana Batt, wanataka utepe wa gundi. Ule mpana, mweusi."

Batt alimtazama kuanzia viatu. Halafu akageuka, akampa mgongo, akawa anaangalia makopo ya rangi.

"Philomena," alisema, "kuna mtu ameingia?"

"Ni Fintan."

"Mimi sioni mtu. Naona sare."

"Haya, sare inataka utepe wa gundi," Philomena akasema. "Mweusi."

"Katika duka hili, tangu enzi za babu yangu, Tan hajawahi kuhudumiwa."

"Duka hili alilifungua baba yako," Philomena akasema, hakuinua macho kwenye mashine ya funguo. "Watan walikuwa wameshaenda kwao zamani."

Kulikuwa na wazee wawili karibu na mlango. Walianza kucheka, wakidhani ni mzaha. Kisha wakaona shingo ya Batt imekuwa nyekundu, kicheko kikawakauka, na wao pia, taratibu, kama ng'ombe wanaohama jua, wakageuka wakampa mwanangu mgongo. Watu wazima. Mmoja wao nilimpelekea supu alipovunjika nyonga.

Fintan akachukua utepe mwenyewe kwenye rafu, akaacha pesa juu ya kaunta, akasema, "Asanteni kwa migongo," akatoka. Nilicheka. Sikupaswa kucheka, maana Batt alisikia.

Jumapili, baada ya mazoezi, aliwasimamisha wachezaji mbele ya chumba cha kubadilishia nguo, na wazazi waliokuja kuwachukua tukiwa pale pale, akasema ana tangazo. Zamani chama chetu cha michezo kilikuwa na kanuni kwamba askari au polisi wa Mwingereza hachezi. Ilifutwa Fintan akiwa hajazaliwa. Batt akaitoa kaburini mbele yetu. Akasema mkono uliofunga mkanda wa Mfalme hauwezi kushika gongo la Kilvarra, na kwamba kwa masikitiko makubwa, kwa ajili ya wale wa Knockroe, Fintan hatakuwemo kwenye fainali.

Nilidhani watu watacheka. Kulikuwa na kocha pale, na katibu wa klabu, mwalimu mstaafu mwenye akili zake. Kulikuwa na akina baba kadhaa waliokuwa na damu ya bandia bado nyuma ya masikio. Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja aliangalia saa. Mwingine aligundua kamba ya kiatu chake. Kocha, ambaye alijua fika kwamba bila Fintan hana mtu wa kufunga, aliokota mipira. Hawa ndio wajukuu wa mashujaa. Babu zao walisimama mbele ya malori. Wao hawakuweza kusimama mbele ya mwuza misumari.

 Fintan aliingia kwenye gari akafunga mkanda wa usalama. Tulipofika nusu ya njia akasema, "Eoin anasema kitanda bado kipo."

Kesho yake nikamwendea Batt. Nilivaa koti langu la kanisani, ambalo sasa nalionea haya.

"Batt, ni filamu," nikasema. "Wale Watan wako walikuwa wanakula biskuti nyuma ya lori."

"Nuala, wewe ni mwanamke mwema. Haya ni mambo ya kanuni."

"Kanuni ilifutwa."

"Ilifutwa Dublin. Kilvarra haikufutwa."

"Kijana huyu ameichezea klabu yako tangu hajang'oa meno ya utoto. Usipomchezesha ataondoka. Unalijua hilo."

"Wengi wameondoka. Babu yangu alibaki."

"Babu yako hakuwa na mwenyekiti kama wewe."

Akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani, pale pale anapouweka msalabani, nikajua leso inafuata. Nikatoka kabla. Philomena alinifuata hadi barabarani, akanipa mfuko wa misumari ambayo sikununua. Hakujua cha kunipa, maskini, akanipa kilichokuwa karibu.

Siku zile nilikuwa nasikiliza kila mlio wa simu ya Fintan. Nikisikia anaongea chumbani kwa sauti ya chini najua ni Sydney. Nilipanga maneno, nikayapangua. Kamati ilikuwa ikutane Alhamisi kupitisha majina ya timu, na mpaka hapo jambo lilikuwa halijaandikwa popote, kwa hiyo nilikuwa na tumaini, tumaini la kipuuzi, kwamba kuna mtu mmoja angeona haya.

Jumatano Concepta akaja mbio, mikono bado ina rangi ya nywele.

"Kaa," akaniambia. "Kaa kwanza. Yule mwigizaji wa Dublin aliyekuwa kanali wa Waingereza ameanguka kutoka kwenye farasi, amevunja mfupa wa bega. Mwongozaji akaangaza macho kutafuta mwanaume mwenye tumbo na masharubu."

"Usiniambie."

"Nimemchana masharubu mwenyewe kwa mkono huu."

"Na hakukataa?"

"Aliuliza kama atapewa fimbo."

Nikaacha unga kwenye bakuli. Tulipofika barabara kuu watu walikuwa wamejaa nyuma ya kamba, na pale katikati, mbele ya duka la mbao lililojengwa ili lichomwe, alisimama Batt Hurlihy. Buti ziling'aa. Mkanda ulikuwa unalikata tumbo kama kamba kwenye mkate. Kifuani alikuwa na safu ya medali za Mfalme, na kwapani alikuwa ameibana fimbo. Sijawahi kumwona amesimama wima namna ile, hata msalabani. Alionekana kama mtu aliyekuwa akivaa nguo za kuazima maisha yake yote na leo ndiyo amerudishiwa zake.

Alikuwa na maneno mawili ya kusema. Watan wanamjia, mmoja anauliza wafanye nini, yeye anajibu: "Choma. Zote."

Na Tan wa kuuliza alikuwa Fintan, kwa sababu Wapolandi walikuwa na lafudhi.

Fintan akasogea, akapiga saluti. "Tufanye nini, bwana mkubwa?"

Batt akainua kidevu. Akaijibu ile saluti, mkono ukipanda taratibu hadi kwenye kofia, vidole vimenyooka. "Choma," alisema. "Zote."

"Vizuri sana, bwana Batt," mwongozaji akasema. "Ila tafadhali usitabasamu."

Wakarudia. Akatabasamu. Wakarudia tena. Safari hii alijizuia, lakini akaongeza maneno yake: "Choma zote, washenzi hawa." Mwongozaji akamwambia mawili yanatosha. Wakarudia mpaka jua likazama nyuma ya kanisa, na kila mara Batt aliagiza mji wake uchomwe kwa moyo ule ule. Nyuma yangu mtoto mdogo akauliza kama yule ndiye adui. Baba yake, yule aliyekuwa ameangalia saa Jumapili, akasema, "Nyamaza, ni mwenyekiti."

Walipompumzisha nilipita karibu naye kwa makusudi.

"Sare nzuri, Batt."

"Nuala, ofisa ni jambo tofauti," alisema, jasho linamtoka chini ya kofia. "Mimi nauonyesha uovu wao kutoka ndani. Ni kazi nzito. Babu yangu angeelewa."

"Angetoka nje kuwatazama ng'ombe."

Hapo ndipo Kilvarra ilipopata ujasiri, maana ujasiri wetu ni wa kucheka mtu akishaanguka. Alhamisi jioni vijana wa timu walimwona anakuja uwanjani, wakajipanga mstari, wakampigia saluti wote, wakisema, "Tufanye nini, bwana mkubwa?" Akina baba, wale wale, walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwenye kikao, katibu akasafisha miwani yake akasema, kwa upole wake wa mwalimu, kwamba kama kanuni ipo basi ipo kwa wote. Asiyeweza kucheza kwa sababu ya sare hawezi pia kuongoza klabu, wala kupokea kombe siku ya fainali. Na kama haipo, basi haipo, na Fintan arudishwe. Mwenyekiti achague. Batt akasema atalifikiria. Haya yote nilielezwa na Concepta, ambaye mumewe, yule maiti, ni mjumbe.

Nikangoja. Ijumaa haikuja habari. Jumamosi nilipiga pasi soksi za Fintan za mchezo, ambazo hazihitaji pasi. Yeye alikuwa chumbani na sanduku la safari limefunguliwa sakafuni. Hakuwa ameweka kitu ndani. Limefunguliwa tu.

Jioni, mvua ikinyesha, nikasikia mtu anagonga. Nilikwenda mlango wa jikoni, nikafungua, hapakuwa na mtu. Akagonga tena. Alikuwa mlango wa mbele. Kwetu mlango wa mbele ni wa padre, wa jeneza na wa watu wa serikali. Jirani hupita nyuma, anafungua mwenyewe, anaita jina huku anapangusa viatu. Huyu mtaalamu wa mila za Kilvarra, aliyekula sikukuu ngapi jikoni kwangu enzi za marehemu, alikuwa amekuja kwa mlango wa mbele, kama bwana shauri.

"Nuala? Ni mimi, Batt."

"Nakusikia."

"Nimemletea Fintan jezi. Namba yake ile ile. Fungua basi, nalowa."

Fintan akatoka chumbani na soksi miguuni, akasimama nyuma yangu kwenye ukumbi mwembamba.

"Umeniletea na nini kingine, Batt?" aliuliza.

"Nini kingine? Jezi, kijana. Kesho unacheza. Tusahau, yaishe. Tulivaa sote, tumevua sote."

"Uliniondoa mbele ya watu. Nirudishe mbele ya watu. Kesho uwanjani, kabla ya mechi, sema ulikosea."

 Nilisikia mvua ikigonga kofia yake.

"Kuna heshima ya cheo," Batt akasema mwishowe. "Mwenyekiti akianza kuomba radhi kwenye kipaza sauti, klabu itakuwa nini?"

"Itakuwa klabu."

"Mama yako anataka ucheze. Nuala! Mwambie mwanao. Makocha wote wa kaunti wanakuja kesho."

Na alisema kweli, Mungu amsamehe. Nilitaka. Ningeichukua ile jezi hata kwenye mkono wa shetani, nikaifua, nikaianika juu ya jiko ikauke kufika asubuhi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Halijavutwa tangu tulipomtoa baba yake Fintan. Lilikuwa limeota kutu na mbao zimevimba kwa unyevu. Nikalivuta kwa nguvu. Likalia, likasogea.

"Hivyo ndivyo, Nuala," Batt akasema, na sauti yake ikawa imepanda, tayari ina hotuba ndani.

Fintan akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akauweka mlangoni, kiganja kimefunguliwa. Hakusukuma. Aliuweka tu.

"Mama," alisema polepole. "Akiingia na hiyo jezi, kesho nitakuwa nacheza kwa ajili yake."

"Na usipocheza?"

 Nilimtazama usoni, nami nimeutazama uso huo tangu siku ya kwanza, na jibu lilikuwepo.

Batt aligonga tena. Kisha kifuniko cha tundu la barua kikainuka, vidole vinene vikaingia, vikifuatiwa na mkono wa jezi. Alikuwa anajaribu kuipitisha. Akaisukuma, ikakwama kifuani, pale penye jina la duka lake. Akaivuta, ikakwama upande wa pili. Tulisimama tukatazama. Mtu mzima amepiga magoti kwenye mvua, anahema, anapigana na kitambaa ili asiseme neno moja. Hatimaye ikachomoka, kifuniko kikaanguka.

"Mtajuta," alisema kupitia mlango. "Na nitaieleza kamati kwamba nilikuja."

Viatu vyake vikashuka kwenye kokoto. Gari likawaka. Fintan aliondoa mkono wake, akarudi chumbani, na baada ya muda nikasikia droo ya nguo inavutwa, kisha nyingine.

Nikalirudisha komeo mahali pake kwa mikono miwili, maana lilikuwa gumu.